Mwiko wa Dawa ya Salilo

Pesamino alimjia dada yake Salilo asubuhi akichechemea, kidole gumba cha mguu kimefungwa bendeji, uso umejaa furaha. Redio ya Apia, mji mkuu wa visiwa vyao, ilikuwa imesema wataalamu wanachunguza majani ya kichaka cha matalafi kama yatafaa kwa ugonjwa wa sukari, huo huo aliokuwa nao, na matalafi ndiyo dawa aliyoachiwa Salilo na mama yao. Basi Pesamino akatupa vidonge vya hospitali, na Jumapili baada ya ibada akamaliza makopo mawili ya nyama peke yake.

"Nikamulie kikombe kikubwa, dada," alisema. "Jumamosi nina karamu."

Salilo hakucheka. Nesi alishaonya kwamba kidonda kikiendelea hivyo, kidole kitakatwa.

Akapanda basi kwenda mjini kwa mpwa wake Oketopa, mfanyakazi wa maabara. Oketopa alimweleza kwamba kweli kemikali za jani lile zinakamata madini ya chuma na kutuliza uvimbe. Ila kama zitamfaa mgonjwa wa sukari, bado wanapima. Vidonge Pesamino avirudie leo leo, na maji ya jani asinywe, asugulie mguu tu, mbali na kidonda. Salilo akauliza habari za karamu. Hapo Oketopa akaguna. Mkuu wa ukoo kama Pesamino kusukuma sahani ni sawa na kumzaba mwenyeji kibao, na dawa ya hilo maabara hawakuwa nayo.

Salilo alikuwa nayo. Aliye kwenye tiba hukataa chakula na hakuna anayenuna, kwa kuwa kila dawa ina mwiko wake. Jioni akamsugua kaka yake mashavu ya miguu, huku akimtajia mwiko: nyama ya kopo, soda, vitu vitamu, na kidonge kisirukwe hata siku moja.

"Mama alikataza pweza tu," Pesamino alilalamika.

"Mama hakuletewa na meli mafuta yaliyopakwa rangi ya nyama. Nyoosha mguu."

Akanyoosha. Pale kwao mwanamume habishani na dada yake.

Jumamosi mwenyeji alimwekea sahani iliyofurika nyama ya kopo na viazi vya tui na sukari. Watu wakatazama. Pesamino akameza mate.

"Nisameheni," alisema. "Niko kwenye dawa ya dada yangu, na ina mwiko."

Sahani ikaondoka kwa heshima, ikaja samaki na mboga. Jirani yake Tavita, msemaji wa kijiji mwenye tumbo la kutangulia mlangoni, akanong'ona akitaka kujua mwiko wenyewe ni upi. Alipotajiwa, akatazama sahani yake kwa huzuni, akaacha kula.

Kidonda kilifunga taratibu, kidole kikabaki mahali pake. Nesi alisifu vidonge. Pesamino alimsifu dada yake. Asubuhi moja Salilo akamkuta Tavita barazani na wanaume wengine wanene, wametulia kama watoto wa kipaimara.

"Majani yamebaki machache," aliwaambia.

"Usijisumbue na majani, mama," Tavita alisema. "Sisi tumekujia mwiko."