Nilivyomfundisha Abti Kutamka Wajiri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kalamu. Inspekta, mtu wa bara aliyekuwa mkuu wa kizuizi cha barabara nje ya mji wetu wa Garissa, alinisimamisha mbele ya askari wake akaniamuru nitaje majina ya Garissa, Wajir na Mandera, miji mitatu ya mkoa wetu. Nikayataja kama walivyoyataja walimu wangu wa shule ya bweni. Akasema niyataje tena, sasa kama mama yangu, kwa Kisomali. Nikavuta a ya kwanza, Gaarisa, nikasema Wajeer, na d ya Mandera nikaibana kwa ncha ya ulimi juu kwenye kaakaa. Askari wakacheka. Inspekta hakucheka.

"Mtu mwenye ndimi mbili ananifaa," alisema, "lakini nitamtazama."

Ndivyo nilivyoajiriwa kuwa mkalimani wa serikali, nikiwa na miaka ishirini na miwili, vita vya mashifta, waasi waliotaka kuutenga mkoa wetu na nchi, vikiwa vimeshika kasi. Ninyi vijana mnaonung'unika mkishushwa kwenye basi mtoe vitambulisho, jueni kwamba wakati wetu kitambulisho kilikuwa mdomoni.

Kazi yenyewe iliitwa mchujo. Lori likifika, abiria wote walishuka na kupanga mstari, kila mmoja akaulizwa atokako na aendako, kisha akaamriwa ataje ile miji mitatu. Jibu halikuwa na uzito sana, tulisikiliza linavyotamkwa. Aliyesema Wajiri, akiongeza i mwishoni kama watu wa bara, alichukuliwa kuwa mwalimu, karani au dereva wa huko, akapandishwa tena. Aliyesema Wajeer aliketishwa juani, mzigo wake ukafunguliwa, akaulizwa ndugu zake wako wapi na mifugo yake inakunywa maji kisima gani. Swali hilo la mwisho liliwaponza wengi, maana mfugaji hamwambii mtu asiyemjua walipo ngamia wake. Inspekta aliona wanaficha bunduki.

Nami nikaambukizwa. Nilikuwa nikienda sokoni kununua maziwa, nikajikuta nasikiliza midomo badala ya maneno. Muuzaji akitaja mji kwa lafudhi ya bara najiuliza kajifunzia wapi, na kwa nini. Nyumbani nako mazungumzo yalikatika nilipoingia. Shangazi zangu waliniuliza habari za afya yangu, wakaishia hapo.

Mtu mmoja tu hakunibadilikia, Abti Nuur. Abti kwetu ni kaka wa mama, na huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe upande wa Ijara. Alikuwa amemleta mkewe hospitalini mjini, mgonjwa sana, tumbo limevimba. Akataka kurudi Ijara mara moja tu awakabidhi wanawe mifugo, kisha aje akae na mkewe. Ijumaa baada ya swala aliniuliza atapitaje kizuizini bila kuzuiliwa siku nzima.

Nikamfundisha. Tuliketi nyuma ya nyumba, mimi nasema Wajiri, yeye anasema Wajeer, tukacheka mpaka machozi. Kufikia alasiri alikuwa analitamka kama mtu aliyezaliwa Nyeri huko bara. Kesho yake alipita bila kusumbuliwa, nikajiona mjanja.

Sikuwa mjanja peke yangu. Madereva wa malori walikuwa wanawafundisha abiria wao njiani, wanawake na wazee wakirudia majina kama watoto wa chuo cha Kurani. Inspekta aling'amua. Asubuhi moja alituambia kwamba ulimi ukinyooka ghafla, basi kuna mtu ameunyoosha, na tangu siku hiyo mfugaji atakayetamka vizuri ndiye wa kukamatwa kwanza. Alinitazama muda mrefu aliposema hivyo. Ningeweza kumtumia Abti ujumbe kupitia dereva yeyote wa Ijara. Sikuthubutu, kwa kuwa sikumwamini dereva hata mmoja.

Alifika siku nne baadaye, amevaa kikoi safi, amebeba kibuyu cha samli ya kumpelekea mkewe. Akataja atokako na aendako na ile miji mitatu kama nilivyomfundisha, bila kosa. Inspekta akatabasamu, mara ya kwanza nimwone akitabasamu, akanigeukia.

"Muulize nani amemfundisha."

Nikamuuliza kwa Kisomali. Abti hakunitazama kwa hasira. Alisema polepole, kwa lugha yetu, "Mwambie utakalo. Mimi sikutaji. Ila fanya haraka, mke wangu ananisubiri."

Ukweli ungenifunga mimi. Nikatafuta uongo mdogo usiomuumiza mtu, nikasema, "Anasema amejifunza kwa kusikiliza redio, afande."

Katika mkoa ule, wakati ule, redio aliyosikiliza mfugaji ilikuwa moja, ile ya ng'ambo ya mpaka iliyowatetea mashifta, na kuisikiliza kulikuwa ushahidi tosha wa uasi. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Hofu ilinisahaulisha. Inspekta hakuuliza swali la pili. Abti alipakiwa kwenye gari la polisi na kibuyu chake kikabaki barabarani. Nilikipeleka hospitalini, nikamwambia mkewe kwamba mumewe amechelewa. Siku ya tatu mama huyo akafariki, tukamzika jioni ile ile. Mimi nilikuwa mmoja wa walioshika jeneza.

Baada ya hapo nilihamishiwa Wajir, kisha Mandera. Mkuu wa Wilaya wa kwanza alinisifu kwa uaminifu, wa pili akanipandisha cheo, nikastaafu nikiwa karani mkuu. Siku hizi wajukuu huniuliza matamshi sahihi ya mji wetu ni yapi. Huwaambia watamke kama mama zao, kisha nabadilisha mazungumzo.

Abti aliachiliwa baada ya misimu miwili ya mvua. Nilimwendea Ijara, nimejiandaa kuomba radhi. Nikamsalimia kwa Kisomali, nikamwita abti. Alinipa mkono, akaniwekea kiti kizuri, akaagiza chai, akanijibu kwa Kiswahili.

"Karibu, karani. Mimi iko fizuri. Wewe nataka nini?"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipomtembelea nilipewa kiti na chai. Neno la Kisomali hakuniambia tena hadi anaingia kaburini.