Mfuko wa Parche kwenye Msumari

Jirani yangu hapa Goma ni mtu wa Butembo, na kwa maoni yake Mungu aliumba kahawa mara moja tu, kule kwao milimani, kisha akapumzika. Kahawa nyingine zote, hasa ile ya kwetu ya ziwani, anaziona ni dawa za kuwachemshia wagonjwa. Mimi nimezaliwa upande wa Bukavu, shangazi yangu ana shamba la kahawa karibu na Minova, na sina tabia ya kunyamaza mtu anapotukana vya kwetu. Urafiki wetu ulianzia hapo, kwenye ubishi.

Tulikuwa watatu. Wa tatu ni dereva asiye na gari. Wageni aliokuwa akiwaendesha walihama mjini kwa haraka, gari likaondoka nao, na yeye wakamwachia kitu walichoogopa kitavunjika njiani: chombo cha kioo chenye pistoni ya kukandamizia kahawa. Anakibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kila Jumapili baada ya misa tulikutana kwa yule muzee wa Butembo, kila mtu na kahawa yake na jinsi yake ya kuipika, na kila mtu na kiburi chake.

Muzee hukaanga mpaka mbegu zing'ae mafuta. Kisha huzitwanga kwenye kinu, huzichemsha kwenye sufuria, na mwisho hunyunyiza maji baridi kidogo ili machicha yatulie chini. Kinu chenyewe ni kile kile cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwa hiyo mtu akitaka kumchokoza anamuuliza kama leo ameweka na mawese. Mimi huzitoa motoni zikiwa na rangi ya mkate, nazisaga, halafu namimina maji polepole juu ya kitambaa safi. Dereva hutumia kioo chake, na huangalia saa ya mkononi kama mtu anayesubiri abiria.

"Hii yako haiko kahawa, mama," muzee aliniambia siku moja. "Ni maji yenye ilipita pembeni ya kahawa."

"Na ya kwako, muzee, ni makala yenye walisahau kwa moto," nilimjibu. Makala kwetu ni makaa.

"Munywe kwanza," dereva alisema. "Mutabishana nyuma."

Tulikuwa tukikaanga ndani, madirisha yamefungwa. Zamani mtu alikuwa akiweka mbabula yake, jiko la makaa, uani na mtaa mzima ukajua leo kwa fulani kuna kahawa. Sasa, tangu vita viingie mjini, hatupendi mtu anayepita barabarani ajue nyumba ipi ina kitu cha kukaanga. Basi tulijifungia na moshi, tukikohoa, macho yakitoka machozi, huku tukijadili kama hii ina ladha ya limau au ya asali. Ukitutazama ungesema tumepungukiwa na akili. Lakini saa ile ndiyo pekee katika juma ambayo nilisahau kwamba sina pa kwenda.

Niseme wazi jinsi tulivyonaswa, maana kila mmoja alikuwa na kamba yake. Muzee ni mchuuzi wa masafa marefu. Alishuka Goma na mzigo wa maharagwe, kama alivyofanya maisha yake yote, akakodi chumba cha kulala siku chache, barabara ikafungwa nyuma yake. Mke wake yuko Butembo, na watoto, na miti ya kahawa iliyopandwa na baba yake. Kuna wanaozunguka kwa kupitia Rwanda na Uganda, lakini hiyo inadai passeport, na yake imeisha muda, na mjini hakuna tena ofisi ya kutoa nyingine. Mimi nilikuwa karani. Ofisi yetu imefungwa. Mume wangu alitangulia Kinshasa kuanza kazi, nami nilikuwa nimfuate kwa ndege nikishafunga mambo ya nyumba. Nikafunga mambo ya nyumba, na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Passeport sijawahi kuwa nayo. Sikujua kwamba siku moja nitaihitaji ili nimfikie mume wangu ndani ya nchi yangu mwenyewe. Valizi yangu, sanduku la safari, ilikuwa chini ya kitanda, imejaa, na kila nilipotaka kitenge kizuri nilichomoa kimoja, nikakivaa, nikakifua, nikakirudisha mle mle.

Kahawa ya ziwani iliendelea kufika kwa boti. Ya Butembo ilikatika. Muzee alimaliza akiba yake akawa anakunywa ya kwangu, akikunja uso kila anapomeza, na akiomba nyingine. Kitu pekee kilichobaki cha kwao kilikuwa mfuko mdogo wa kitambaa uliotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na parche, yaani mbegu ya kahawa ambayo bado imevaa ganda lake la ndani. Aliichuma mwenyewe kwenye miti ya baba yake wakati wa kuvuna. Asubuhi aliyoondoka mke wake aliitia tu kwenye mfuko na kumwambia akawaonjeshe watu wa Goma.

Tulimsumbua sana kuhusu mfuko ule. Mimi nilimwambia wazi kwamba anaogopa kushindwa. Hakukasirika.

"Siku nitapata njia, mbele ya kuenda, tutaikaanga yote," alisema. "Hata moja haitabaki. Mutaikunywa, na mutanisindikiza."

"Na hiyo siku ni lini, muzee?"

"Dimanche yenye inakuja niko nyumbani."

Alisema hivyo kila Jumapili, kwamba Jumapili ijayo atakuwa kwake. Tulicheka, lakini mimi nilimwamini, na naona aibu kidogo kuandika jinsi nilivyomwamini. Alijua barabara zote. Alijuana na madereva wa malori na wenye boti, na wauzaji wa ndizi wanaoshuka kutoka Munigi walimletea habari kabla redio haijazisema. Nilijiambia kwamba akipita yeye, njia imefunguka, na njia ikifunguka kwake haitachelewa kunifungukia mimi. Nikiingia kwake kitu cha kwanza nilichotazama ni ule msumari. Mfuko ukiwepo, bado tunangoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumapili moja nilitangulia kufika, nimebeba kitambaa changu na kahawa ya shangazi. Mlango ulikuwa wazi. Msumari ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale na furaha ikanipanda. Amepata njia. Nikatoa kinu pembeni ya mlango nikakipangusa. Nikafunga madirisha, nikawasha makala, nikatafuta sufuria ya kukaangia. Nilikuwa nimeanza hata kufikiria niondoe nini kwenye valizi ili isiwe nzito. Dereva akaingia na kioo chake, nikamwonyesha msumari, naye akakiweka mezani taratibu akafanya ishara ya msalaba.

Muzee hakuwa ndani. Tulimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye mawe ya volkano. Mbele yake kulikuwa na gunia la udongo, ule tunaonunua kwa sababu viwanja vyetu ni mawe matupu, na makopo ya maziwa na bidoni za plastiki zilizokatwa katikati, zimepangwa kwenye kivuli cha ukuta. Mfuko ulikuwa juu ya paja lake. Alichukua mbegu, akaigeuza upande wa bapa uelekee chini, akaisukuma kwa kidole, akafunika.

"Muzee," nilisema, "makala iko tayari."

"Zima, mama. Nazipanda."

"Ulisema tutazikunywa."

"Parche ikikaa sana inakufa. Haioti tena." Hakuinua kichwa. "Ingekaa kidogo tena, ingekuwa ya kukaanga tu. Nilipashwa kuchagua."

Dereva ni mtu wa mjini, hajui miti. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza tu, "Na hii itazaa lini?"

"Myaka tatu," muzee alijibu. "Ine, kama udongo iko mubaya."

Mimi nilijua jibu lile kabla halijatoka, nimekulia kwenye kahawa, na bado lilinipiga kama sikuwahi kulisikia. Mtu hapandi kahawa mahali anapopita. Anapanda maboga, anapanda maharagwe, anavuna, anaenda. Nilimkasirikia yule muzee kuliko nilivyowahi kuwakasirikia wote waliotufungia njia, kwa maana hao sikuwahi kuwaamini.

"Na dimanche?" nilimuuliza. "Dimanche yenye inakuja?"

Alipangusa vidole kwenye suruali. Akachukua kopo moja alilokwisha kupanda, akaninyoshea.

"Twala hii. Iko ya kwako."

"Mimi siko nakaa hapa," nilisema. "Niko na bwana Kinshasa."

"Najua, mama. Na mimi niko na bibi Butembo."

Nikaondoka bila kuaga. Makala niliyowasha nadhani aliizima dereva.

Jumapili kadhaa sikwenda. Nilikunywa kahawa yangu peke yangu, nikimimina maji polepole juu ya kitambaa, na haikuwa na ladha yoyote, si limau wala asali. Mume wangu alipiga simu akaniuliza nimeshajiandaa. Nikamwambia ndiyo, kila kitu kiko ndani ya valizi. Akasema vizuri. Alisema vizuri kwa sauti ya mtu aliyezoea, na nikatambua kwamba hata yeye hangoji tena, anauliza tu kama mtu anavyouliza habari za hali ya hewa.

Mbegu za kahawa hazina haraka. Zilipochipua nilisikia kwanza kwa dereva, aliyekuja mpaka mlangoni kwangu kuniambia zimetoka na kofia kichwani. Ndivyo zinavyotoka: shina jembamba limebeba ile mbegu juu, na ganda bado halijadondoka. Sijui kwa nini habari hiyo iliniliza.

Siku hiyo nilitoa nguo kwenye valizi nikazipanga kabatini. Kisha nikaenda kwa muzee. Alikuwa ameketi nyuma, anamwagilia kwa kikombe kile kile anachonywea kahawa yangu huku akikunja uso.

"Ya kwangu iko wapi?" nilimuuliza.

Alinionyesha kopo lililo mwisho wa mstari. Alikuwa amelitunza pamoja na mengine, na mche wake ulikuwa umesimama kama wenzake. Nikalibeba kwa mikono miwili. Aliniuliza nitaliweka wapi, maana mche mdogo hautaki jua kali, na nikamwambia nimeshatafuta mahali pazuri nyuma ya nyumba, penye kivuli, ambapo hautasumbuliwa kwa muda mrefu.