Siku Nilipovuka Ua wa Wakwe, Chunyu

Nilikwenda Ruangwa kwa sababu ya jino, na wala halikuwa langu. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja alianguka kifafa mstarini asubuhi, na sisi walimu, watu wenye vyeti vyetu, tukamkimbilia kila mmoja na dawa yake. Huyu alimmwagia maji, yule alitafuta kitunguu cha kumnusisha, na mwingine akamtia kijiko mdomoni asije akajing'ata ulimi. Kijana alizinduka salama, ila jino la mbele lilivunjikia kwenye kijiko. Baba yake hakugomba. Alilifunga lile jino kwenye leso, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Ukimya ule ulimchoma mkuu wa shule kuliko matusi. Yalipotangazwa mafunzo ya huduma ya kwanza kule Ruangwa, akanichagua mimi. Alisema nina moyo wa huruma. Mimi nadhani ni kwa kuwa mke wangu ni wa Chunyu, na mwenye wakwe karibu hakosi pa kulala.

Nachingwea, asubuhi ya kuondoka, mke wangu Somoe alinisindikiza hadi mlangoni huku mkono mmoja ukiwa kiunoni. Ujauzito wake ulikuwa umefika pale ambapo hata kuvaa kandambili ni kazi. Ilikwishapangwa kwamba mama yake angekuja kukaa nasi wakati wa kujifungua, maana huyu ni mtoto wetu wa kwanza, na Somoe alikuwa na hofu ambayo hakuificha. Kila aliponiona nahesabu nepi alisema, "Nepi nzuri, mume wangu, lakini mimi namtaka mama yangu."

"Ukimaliza mafunzo pita Chunyu ukawasalimie," aliniambia. "Na adabu zako uende nazo."

Adabu aliyoisema ni ya ukwe. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, na kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini kwa kina Somoe heshima hiyo ina mipaka inayoonekana kwa macho. Mama mkwe humtazami usoni. Ukimwona njiani, unapinda kwingine. Anapokula hufiki, na maneno yenu hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama kati yenu pana hatua chache tu. Tangu nioe nilikuwa namjua mama mkwe wangu, Bi. Zainabu, kwa sauti yake na kwa pindo la kanga yake likiishia mlangoni.

Njiani, mikorosho ilitusindikiza pande zote mbili. Ulikuwa msimu, na harufu ya mabibo iliingia dirishani tangu tulipotoka mjini. Chini ya miti kina mama waliinama na ndoo zao wakiokota korosho, na nikajiuliza mmoja wao akianguka pale, mbali na barabara, wenzake wangefanya nini. Swali hilo lilinifanya nisisinzie safari nzima.

Ruangwa mjini tulipokelewa na nesi Neema, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuja na mwanasesere wa mpira asiye na miguu. Tulikuwa walimu, wenye maduka na waendesha bodaboda kadhaa. Alianza na kifafa, nami nikainamisha kichwa: usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, mwondolee vitu vya kumuumiza, na akitulia mlaze ubavu. Kisha akaja kwenye moyo. Mtu haitiki na hapumui, hukai kumwita jina. Unatuma mtu akatafute msaada, unapiga magoti, unaweka viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, unabonyeza kwa nguvu na kwa haraka, na kila mara unakiacha kifua kirudi juu.

"Mwalimu, unamwokoa mgonjwa au unamkanda mgongo?" aliniuliza nilipojaribu. "Bonyeza. Huyu hatakushitaki."

Akatufundisha na habari ya aliyekabwa na chakula. Akiweza kukohoa, mhimize akohoe. Sauti ikikatika, mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi kati ya kitovu na chembe cha moyo, vuta ndani na juu. Akizimia, mlaze na ubonyeze kifua. "Na msimpe maji wala tonge la kusukumia," alisema. "Tonge ni la mwiba wa samaki, mnavyodhani, na hata huko silipendi. Njia ya hewa imeziba, ninyi mnaongeza kifuniko."

Hapo nikanyoosha mkono, kwa utani tu. "Na kama aliyekabwa ni mama mkwe wangu?"

Ukumbi ulicheka, hasa wenyeji. Nesi Neema hakucheka. "Mkwe wako ana koo kama la kwako," alisema, akaendelea na somo.

Chunyu niliingia siku ya pili yake mchana, juu ya bodaboda, nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Baba mkwe, Mzee Nangoma, alinipokea kwa mikono miwili, na shemeji yangu Issa akanipokea begi. Walikuwa wamechinja mbuzi kwa ajili yangu. Mbuzi mwenyewe alikuwa mzee, ila heshima haina meno. Sisi wanaume tulikula barazani. Kina mama walikuwa uani, nyuma ya ukuta wa mabua. Kutoka huko Bi. Zainabu alituma salamu kupitia kwa Issa, akauliza kama Somoe miguu imevimba, kama anakula, kama analala ubavu. Nilijibu yote kupitia kwa Issa. Nilimsikia akicheka, kisha nikasikia kikohozi.

Kikohozi kilikuja mara mbili, kikakatika. Halafu sauti ya mwanamke, "Amekabwa. Mpeni tonge la ugali asukumie."

Nilisimama na mkono wangu una mchuzi. "Wasimpe tonge," nilimwambia Issa, naye akapaza sauti kurudia, kama tulivyozoea. "Wasimpe na maji. Mwinamisheni. Mpigeni katikati ya mabega." Issa akarudia. Nilisikia makofi ya mkono, lakini yalikuwa makofi ya kubembeleza, na kwa mlio wake yalikuwa yakiangukia kiunoni. "Juu zaidi," nilisema. "Kwa nguvu." Nilikuwa nimeushika ule ukuta wa mabua, namfundisha mtu asiyeonekana kumwokoa mtu ninayekatazwa kumwona. Nilimfikiria Somoe na nepi zake. Ndani mwanamke mmoja akaanza kulia, na wengine wakamfuata.

Niligeuka nikamtazama Mzee Nangoma.

"Mkwe," alisema, "ingia."

Nikaingia. Bi. Zainabu alikuwa amekaa mkekani, mikono shingoni, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nilimwinua, nikampiga mgongoni, haikutoka. Nikasimama nyuma yake nikamzungushia mikono, mimi, mkwe, mbele ya dada zake wote, nikavuta. Nikavuta tena. Mwili wake ukalegea ukanielemea, nikamlaza chini, nikamwambia Issa atafute pikipiki mbio. Mwanamke mmoja akavua kanga yake ya juu, akaikunjua kama ya kumfunikia uso, akasema, "Mwalimu, mwache. Mtu mzima ameshakwenda."

Sikumwacha. Niliogopa sana, siwezi kusema vinginevyo, lakini viganja vyangu vilikuwa vinakumbuka mpira wa Ruangwa, vikaenda vyenyewe katikati ya kifua. Nilibonyeza kwa uzito wangu wote. Katikati ya kubonyeza, kitu kikaonekana kinywani mwake, tonge na nyama vimeshikamana. Nikakitoa kwa vidole, nikarudi kifuani. Mara akavuta pumzi yenye mlio mbaya, mlio mzuri kuliko wote niliowahi kusikia, akatapika. Nikamlaza ubavu. Mzee Nangoma aliyekuwa amesimama kwenye upenyo wa ua akakaa chini kwenye vumbi.

Zahanati walimpima, wakasema kifua kitauma siku nyingi kwa sababu ya kubonyezwa, na wakasema pia tulifanya vizuri kumleta, maana aliyebonyezwa hivyo lazima aangaliwe hata akijiona mzima.

Jioni ile nilijiona kama mwizi aliyerudishwa kwenye nyumba aliyoibia. Nilimuuliza Mzee Nangoma ni kitu gani kinatakiwa, kuku au kitambaa, ili kuondoa aibu niliyomtia mama. "Mwanangu," alisema, na siku zote alikuwa akiniita mkwe, "aibu ni ya mtu aliye hai. Na uhai wenyewe umempa wewe."

Asubuhi ya kuondoka, Bi. Zainabu hakutoka. Nilisikia kanga ikigusa mlango. "Mwambie mkwe safari njema," alimwambia Issa kwa sauti iliyokwaruza. "Na amwambie Somoe nitakuja."

Nachingwea nilimkuta Somoe barazani. Habari ilikuwa imenitangulia kwa simu. Alilia, akacheka, akalia tena, kisha akataka nimweleze kila kitu, hata yale ambayo mkwe hapaswi kuyaeleza. Shuleni nimewafundisha walimu wenzangu wote, na kijiko sasa kinakaa jikoni kinakostahili. Nilichojifunza katika safari ile si kikubwa: kujua bila kugusa hakumfai aliyekabwa, na elimu niliyoipeleka Chunyu ingefia ukutani kama mzee mmoja asingeniambia niingie.

Bi. Zainabu alikuja kweli. Ameshika chumba cha nyuma, na heshima imerudi ilivyokuwa. Napinda nikimwona, naye ananitumia salamu kupitia kwa binti yake. Jana alasiri nilikuwa sebuleni namfundisha Somoe kwa kutumia mto, maana anasema akijifungua naye atawafundisha jirani zake. Nilibonyeza polepole ili afuate vizuri. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kidogo, na pindo la kanga lilikuwa limeishia hapo.

"Somoe," sauti ikasema kutoka ndani, "mwambie mumeo siku ile hakubonyeza hivyo. Alibonyeza kwa nguvu."

Somoe akanitazama. Nikanyoosha mikono, nikaanza upya, kwa nguvu.