King'ora cha Mvua cha Baba

Ndugu zangu walishaamua: Baba ahamie Tunduma. Tangu Mama afariki alikuwa akiishi peke yake kijijini Ihanda na kahawa yake, na mwaka ule mvua ya kuwahi ilimkuta kalala mchana, ikalowesha kahawa yote iliyokuwa kwenye vichanja. Kwa dada yangu mkubwa huo ulikuwa ushahidi tosha. Baba alijibu kwamba Tunduma ni mji wa malori, na yeye si lori.

Nikaomba nipewe msimu mmoja nitafute njia ya kumwacha pale. Nilikuwa karani kwa wakala wa forodha pale mpakani, lakini miaka ile nilishikwa na ugonjwa wa kuandika programu za chipu, vile vidude vidogo kama punje ya maharage ambavyo havielewi lugha yoyote ila sifuri na moja. Nilijifundisha kwa karatasi nilizochapisha intaneti kafe. Siku nilipofaulu kuwasha na kuzima kitaa kimoja chekundu, nilimwita mke wangu kwa shangwe. Akakitazama.

"Miezi yote hii? Mbona umeme wa hapa unawaka na kuzima wenyewe, na hatukuusomea?"

Mvumilivu hula mbivu. Nikatengeneza king'ora cha mvua: nyaya mbili juu ya kibao, tone likidondokea kati yake, chipu inapiga honi niliyoing'oa kwenye lori bovu. Nikakifunga kichanjani, nikakimwagia maji, kikapiga kelele hadi mbuzi wakakata kamba. Baba akaniuliza kwa upole kama kimeshaanza kulia.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa masikio ya Baba. Niliona aibu, nikataka kukifungua nirudi nacho. Lakini majirani walishafika mbio wakidhani kuna msiba. Walipoelezwa wakacheka sana, wakaahidi kwamba kikilia watakuja kufunika kahawa. Dada akakubali kusubiri.

Kisha kikaanza kulia katikati ya kiangazi. Jua kali, wingu hakuna, honi inapiga. Majirani wanakuja, wanakaribishwa chai, wanarudi makwao. Mmoja akanipigia simu: "Mtambo wako unaota ndoto." Nikashuku umande, nikaenda Ihanda, nikabadilisha programu. Kikalia tena. Nikashuku vumbi, nikashuku betri, mwisho nikashuku akili yangu. Kila Jumamosi nilikuwa huko na kompyuta yangu kuukuu, nikisaka kosa mstari kwa mstari, huku Dada akiuliza chumba cha Baba kipakwe rangi gani.

Safari moja nilikwenda bila kutoa taarifa. Nilimkuta Baba amesimama kichanjani na kikombe, anadondoshea maji kwenye kibao kwa makini kama fundi saa. Kisha akavuta kigoda, akaketi. Honi ilikuwa ikipiga. Hakuisikia, lakini macho yake yalikuwa njiani.

Nilipandwa na hasira, nikamsogelea sikioni. "Baba! Msimu mzima natafuta kosa ambalo halipo!"

"Najua," akasema. "Kikiwa kizima, huji."

Majirani walikuwa wameshaanza kuingia uani, na mimi nikaenda kubandika chai.

Jioni nilimpigia Dada simu. Nikamwambia Baba hahami, ila mtambo una kosa kubwa, na kila Jumamosi lazima mmoja wetu aende kulitafuta.