Filamu Niliyoitazama Bila Sauti

Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba hii ya Pasiansi nimeijenga kwa mgongo, kwa kubeba magunia ya dagaa pale kivukoni Kamanga kabla sijapata duka langu. Kwa hiyo mtu akinihoji kama najua kumchagulia mtoto filamu, naona ananidharau.

Aliyenihoji likizo iliyopita ni mke wa mwanangu. Alikuja kutusalimia na wajukuu wangu wawili, wa kike ana miaka saba, wa kiume minne. Tangu wafike nilikuwa naomba, kupitia kwa mke wangu, watoto wabaki kwetu mpaka shule zifunguliwe. Alikuwa hajakubali. Na sisi Wasukuma baba mkwe hakai na mke wa mwanawe wakapiga soga. Tunaheshimiana kwa mbali. Yeye alikaa jikoni, mimi sebuleni, na maneno yakabebwa na yule wa miaka saba.

"Babu, mama anauliza, hiyo filamu uliyotununulia, watoto wanaruhusiwa?"

"Mwambie ni ya kuchekesha. Ya familia."

Akaenda, akarudi. "Anauliza umeiona?"

"Nimeiona."

Nilikuwa sijaiona. Niliinunua asubuhi ile Nyamagana, kwenye kibanda wanakojaza filamu kwenye flashi, na muuzaji aliniapia kwamba hata mchungaji anaweza kuitazama na mama yake.

Basi mke wangu alipotoka na watoto kwenda kununua sato, nikafunga mlango nikaiweka. Sauti nikaizima kabisa. Mkwe yuko nyuma ya ukuta anachambua mchele. Likitoka neno la aibu nitauficha wapi uso? Nikaikagua kama nilivyokuwa nakagua gunia, natafuta uozo. Baba mmoja mzungu ameachiwa watoto wanne na mbwa, mke amesafiri. Anaunguza chakula, anatumbukia kwenye bwawa, mbwa anakula kiatu. Hakuna aliyembusu mtu, hakuna aliyevua nguo. Safi. Nikaona nimeiweza kazi ya wasomi.

Jioni, kabla ya ugali, nikawaita wote. Mkwe akaweka kigoda mlangoni mwa jikoni, ametupa mgongo. Nikafungulia sauti.

Nilichosahau, wakati kila mtu mjini anakijua, ni kwamba filamu hizi za nje hutafsiriwa na jamaa anayezungumza juu ya picha, na huyo hatafsiri tu, anaongeza ya kwake. Ikafika mahali baba yake yule mke aliyesafiri anaingia na begi. Mchana nilimwona anasalimia tu, tena kwa adabu. Mtafsiri akasema: "Oneni libaba mkwe hili, limekuja kumaliza wali wa watu." Akaendelea na mengine kuhusu tumbo lake na choo cha pale nyumbani, ambayo siandiki.

Mjukuu mdogo akashika mbavu. "Libaba mkwe," akarudia, "libaba mkwe."

Mke wangu akanigeukia. "Mzee, si ulisema umeiona?"

"Nimeiona. Kuisikia ndiyo bado."

Yule wa kike akaitwa jikoni. Nikajua kesho wanafunga mizigo. Akarudi, akasimama mbele yangu.

"Mama anasema uzime sauti, utafsiri wewe."

Nikaizima. Sikuwa na la kutafsiri, Kizungu sikijui, nikatumia nilichonacho. Yule baba nikamfanya mbeba mizigo wa Kamanga, siku yake ya kwanza kazini. Mbwa nikamfanya msimamizi.

"Babu, huyo ni mbwa," akasema mdogo.

"Na yule msimamizi alikuwa hivyohivyo. Tulia."

Ikafika kwenye bwawa. Nikasema hilo ni ziwa, na huyo anayetumbukia na gunia kichwani ni mimi, kivuko kinaondoka na abiria wote wananiangalia, na dagaa wanarudi majini kwao, ila safari hii wamekauka. Hayo ni ya kweli. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Watoto wakaanguka chini kwa kucheka. Pale mlangoni ule mgongo ukaanza kutikisika, mara sauti ikamtoka. Miaka tisa ameolewa kwetu, nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Wakati wa kula mjumbe wangu akaja na ujumbe wa mwisho.

"Babu, mama anasema tutabaki. Lakini filamu atachagua bibi."

Nikamwambia akamjibu kwamba nimesikia.