Deraya ya Mama Christiane

Mama Christiane Mwaba anapiga shaba. Mtaa wetu wote wa Katuba unajua, maana nyundo yake ndiyo inayotuamsha, na ukimwomba apunguze kelele anakuuliza kama umeoa usingizi. Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta. Nimeomba mpaka nimechoka. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, mzee Stanislas. Kaka zake waliikimbia, wakaenda kuendesha makamyo ya migodini. Wanaume wa sokoni walimwambia mwanamke hapigi shaba, naye akaendelea kupiga. Anatengeneza sahani na picha za ukutani. Wasafiri wa uwanja wa ndege wa Luano wanazinunua, zinapanda ndege, naye hazioni tena.

Mwaka huu parokia yetu iliamua kuigiza maisha ya Mtakatifu Martin, yule askari wa Roma aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Nafasi ya yule maskini nilipewa mimi. Walisema mwili wangu hauhitaji mapambo. Christiane akaomba kumtengenezea Martin deraya, vazi la kumkinga askari vitani, bila malipo.

"Mara moja tu," aliniambia, "kintu yangu ibakie hapa, bantu ba kwetu baione."

Alikata vipande vidogo vya shaba, akavitoboa matundu, akavifunga kwa kamba safu baada ya safu. Fils, kijana wa kuigiza Martin, aliijaribu akatembea barabarani kama jenerali. Kisha akaja Jean-Claude, mwalimu wa historia anayeongoza mchezo wetu. Aliigeuza deraya huku na huku. Ni mtu mpole, lazima niseme hivyo, hata kama siku ile nilitamani kumtoa nje.

"Mama, iko muzuri sana, lakini haiko vrai, haiko ya kweli. Basoda ba Roma ba wakati ya Martin, tunajua balikuwa banavala pete za chuma zenye kushikana, ao magamba. Hii ya vipande na kamba, preuve, ushahidi yake kwabo, iko kidogo sana. Na hata bale benye kuivala, safu ya chini ndiyo ilikuwa inafunika ya juu. Weye umeifunga sawa tôles, mabati ya nyumba."

"Mvua inatokeaka wapi, mwalimu? Chini?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Batoto ba masomo batakuya kuangalia, mama. Batajifunza bongo, mambo ya uongo. Fils atavala kanzu na joho, basi."

Kuambiwa kazi yake ni uongo kulimchoma. Nilidhani atalia. Badala yake, mwalimu alipoondoka, alichukua kisu akaanza kukata kamba, na mimi nikapiga kelele nikifikiri anaiharibu. Hakuwa anaharibu. Alikuwa anaifunga upya, safu ya chini juu ya ile ya juu, jinsi mwalimu alivyosema.

"Kufunga mubaya iko kosa yangu, nitatengeneza," alisema. "Roma haiko kosa yangu."

"Na Fils atakubali kuivaa?" nikamuuliza.

"Nani amemuuliza Fils?"

Siku ya sikukuu, uwanja wa kanisa ulijaa wanafunzi. Mimi nilikuwa nimeshaketi chini na matambara yangu, askari wamejipanga kwenye lango la mji, tukimngoja Martin. Ndipo nikasikia shaba ikigongana. Christiane alikuja amevaa deraya yake juu ya kikwembe, kitenge chake cha maua, akasimama mwisho wa mstari wa askari. Wanafunzi wakapiga makofi. Jean-Claude akatoka nyuma ya pazia.

"Mama, toka!"

Hakutoka. Aliwageukia wanafunzi.

"Batoto, musikilize. Mwalimu anasema kweli. Hatuna hakika kama basoda ba Martin balivala kintu ya hivi. Hii iko ya Katuba. Niliipiga miye, mwanamuke." Kisha akamtazama Jean-Claude. "Nimebaambia. Bongo iko wapi sasa?"

Jean-Claude alifungua mdomo. Christiane hakumpa nafasi.

"Shaba ya hapa inatoka kila siku na makamyo, bakaka yangu ndio banaipeleka, na hakuna mwenye kuuliza inaenda kuwa nini. Hii moja imebakia. Unataka niivule?"

Nilisahau kwamba mimi ni maskini mwenye baridi. Nilisimama, matambara yakaanguka. Mwalimu alitazama wanafunzi, akatazama deraya, safu zake zote zikiwa zimefungwa sawasawa.

"Simama kwa mustari na benzako," akasema.

"Nimeisha kusimama zamani, mwalimu."