Shajara ya Kutembea hadi Cedar Hill

Hapa DeSoto, mji huu wa Kimarekani, mtu hatembei. Ukionekana kando ya barabara kwa miguu, nawe ni Mkenya mwenye kazi yako, basi kuna msiba: gari limekufa, au benki imelichukua, au bwana amekuacha. Nilijua hayo yote. Mimi ni nesi, nimekaa hapa miaka, si mgeni. Lakini siku zile kichwa changu kilikuwa Japani.

Nilikuwa nimeanza darasa la jioni la fasihi ya Kijapani, ile ya enzi miji yao ilipojaa wachapaji na wauza vitabu, hata watu wa sokoni wakawa wasomaji. Kanisani walinicheka. "Kijapani cha nini, dada? Kitakuongezea mshahara?" Nikaacha kulitaja hilo darasa. Ila nililipenda, haki ya Mungu. Nilipenda hasa wale washairi waliovaa viatu vya majani makavu wakatembea miezi na miezi, wakiandika shajara: habari kidogo, kishairi kifupi, habari kidogo tena. Kila kishairi sharti kiwe na neno la majira, ua au ndege au umande. Na mwandishi hujiita mzee, ombaomba, mtu wa upepo tu. Mwalimu wetu alisema walijipunguza hivyo ili mlima na mto vionekane. Watu wa mjini wakavinunua vitabu hivyo, wakafunga safari kuwaiga.

Na sisi tukaambiwa tuige. Tembea mahali, uandike.

Basi Jumamosi moja ya majira ya machipuko nikaliacha gari langu nyumbani, zima kabisa, nikashika njia ya Cedar Hill, mji jirani. Hakuna kijia cha watu. Unakanyaga nyasi huku malori yanakupeperushia sketi. Mtaroni maua ya buluu yalikuwa yamechanua. Nikasimama nikaandika:

Ombaomba njiani,
maua ya buluu
hayaniulizi jina.

Lo, nilivyojipenda! Sijaweka hata kalamu mfukoni, gari likasimama kando yangu. Alikuwa shemasi wa kanisa letu.

"Dada! Gari limekufa?"

Ningemwambia nini? Kwamba natembea kwa sababu ya ushairi wa Wajapani waliokufa zamani? Nikakisikia kile kicheko cha kanisani kinakuja upya. "Limekufa, shemasi," nikasema.

"Uuwi, pole sana! Usijali. Jumanne nitakupeleka kazini."

Kesho yake, ibadani, wakaninyooshea mikono wakaliombea gari langu. Gari lisilo na hata mkwaruzo! Jumanne shemasi akaja asubuhi, nikapanda, nikashukuru. Tukiwa njiani ndipo aliponiambia kwamba siku hiyo alikuwa ampeleke shosho kliniki ya macho. Shosho ni bibi mmoja mkongwe wa kanisani, anaishi na binti yake mitaa ya karibu. "Lakini amesema nikupeleke wewe kwanza," shemasi akasema. "Yeye atajipanga."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, geuza gari. Badala yake nilitazama dirishani kama mjinga hadi tukafika.

Shosho alijipanga kwa miguu. Binti yake alikuwa kazini, wajukuu shuleni, naye si mtu wa kusumbua watu. Alishika barabara ileile yangu, na viatu vya Jumapili, jua limemkalia kichwani. Polisi alimkuta ameketi mtaroni, viatu mkononi, miguu imevimba. Saa yake ya kliniki ilikuwa imeshapita. Ile sindano ya jicho iliyokuwa inamzuilia giza ikaahirishwa wiki kadhaa. Nimesema mimi ni nesi. Najua jicho kama lile likingoja linapoteza nini.

Wiki hiyohiyo mwalimu akanirudishia shajara. Alikuwa amepigia mstari "ombaomba njiani", akaandika kwamba hapo nimejisahau kwelikweli, kama wale washairi. Nilishikwa na aibu. Ombaomba gani ana funguo za gari mfukoni?

Nikaenda kwa shosho kumwambia ukweli. Nikaenda kwa gari lilelile, maana ningeendaje vingine? Alinipokea nje, akapapasa boneti kwa kiganja.

"Limepona!" akasema. "Niliombea hiki kigari njia nzima siku ile, binti yangu. Kila nilipochoka, nilikitaja."

"Limepona, shosho," nikasema. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilizidi kurefuka, na aliyeitembea alikuwa mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata shosho akaomba kutoa ushuhuda. Akasimulia habari ya gari lililokufa na Mungu anayesikia, na kanisa likapiga vigelegele. "Huyo hapo!" akasema, uso umemjaa furaha. "Simama, binti yangu, wakuone." Akanyoosha kidole. Kidole kikamwelekea mwanamke mwingine, safu ya mbele, upande wa pili kabisa. Yule mwanamke akageuka kutazama nyuma yake, haelewi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.